Picha ya Goli Hupigwa Kabla ya Goli

Kuna kisa kimoja kilichotokea mjini Machakos miaka kadhaa iliyopita ambacho hakijanitoka moyoni hadi leo. Nimeamua kukieleza katika ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, kinawahusu walimu na wanafunzi, nao ndio wasomaji ninaowaandikia. Pili, mimi mwenyewe nilikosea katika kisa hicho, na kosa ambalo mtu hajalikiri huendelea kumdai.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Vyuo viwili, ambavyo sitavitaja kwa majina, vilikutana katika pambano la kandanda lililokuwa limesubiriwa kwa hamu na wanafunzi wa pande zote mbili. Nilikuwa mwalimu katika chuo kilichokuwa mwenyeji, ingawa kazi yangu ilikuwa kufundisha Kiswahili wala si michezo. Siku chache kabla ya hapo, chuo kilikuwa kimenunua kamera mpya ya bei ghali, yenye lenzi ndefu. Kamera hiyo ilikabidhiwa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mwanachama wa chama cha uandishi wa habari, ili apige picha za mchezo kwa ajili ya jarida la chuo na ubao wa matangazo. Alikabidhiwa asubuhi ya siku ile ile ya mchezo, pamoja na onyo kwamba akiivunja atailipa.

Mchezo ulikuwa wa kukata na shoka. Bao la pekee lilipatikana zikiwa zimesalia dakika chache, pale mshambuliaji wetu aliporuka juu ya walinzi wawili na kuupiga kwa kichwa mpira uliotoka kwenye kona. Uwanja ukalipuka kwa vifijo na vigelegele. Kijana wetu alikuwa amesimama kando ya mstari wa katikati, mahali alipodhani angeuona mchezo wote, akibonyeza kamera bila kupumzika.

Jumatatu iliyofuata picha zilionyeshwa katika chumba cha walimu. Zilikuwa zaidi ya mia nane. Tuliona migongo ya wachezaji, miguu isiyo na wenyewe, mpira uliorefuka mfano wa yai, na nyasi nyingi. Kuhusu bao, ilikuwapo picha ya kundi la wachezaji wakiutazama mpira ukija, na iliyofuata ilionyesha mlinda lango akiwa amelala chini na mpira umo wavuni. Kitendo chenyewe, kile kilichouamsha uwanja mzima, hakikuwapo.

Mwenzetu mmoja hakuweza kustahimili. Alimwita kijana mbele yetu sote akamwuliza, "Kamera ya pesa zote hizo, na bado hukuliona bao? Macho yako yalikuwa wapi?"

"Niliona, mwalimu," kijana akajibu kwa sauti ya chini. "Nilibonyeza nilipoona."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kamera ikafungiwa kabatini, na kijana yule hakuonekana tena katika mikutano ya chama chake. Nami nilikuwa nimeketi pale na madaftari ya kusahihisha mezani, nikacheka pamoja na wenzangu.

Miaka ikapita. Nilipostaafu nilinunua kamera iliyokwisha kutumika, nikaanza kwenda viwanjani nyakati za jioni ili kupitisha wakati. Siku ya kwanza nilipiga picha mia tatu, nikarudi nyumbani bila hata moja yenye uso wa mchezaji na mpira kwa pamoja. Hapo ndipo jibu la yule kijana liliponirudia. Alikuwa amesema kweli tupu. Alibonyeza alipoona, na hiyo ndiyo sababu hasa iliyomkosesha bao.

Hebu tufanye hesabu kidogo, msomaji, hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaiweza. Mpira uliopigwa kwa nguvu unaweza kwenda kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Binadamu mwenye afya anapoona jambo, huchukua takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya kidole chake kutii amri ya ubongo. Katika muda huo mfupi mpira umekwisha kusafiri mita 5. Hata tukisema kwamba mpira wa kichwa huenda kwa nusu ya kasi hiyo, utakuwa umekwisha kuondoka kwenye paji la uso la mshambuliaji kwa mita mbili u nusu. Kwa hivyo, anayengoja kuona ndipo abonyeze hupiga picha ya jambo lililokwisha kupita. Hana uzembe wala upofu. Ana mwili wa binadamu tu.

Wapo watakaosema kwamba kamera za siku hizi zimeliondoa tatizo hilo, maana ziko zinazoweza kupiga picha 20 kwa sekunde moja. La hasha! Tugawanye tena. Kati ya picha moja na inayofuata hupita sehemu moja ya 20 ya sekunde, na mpira wetu wa mita 25 kwa sekunde huenda mita moja na robo katika muda huo. Mguso wa mpira na kichwa waweza kuangukia katikati ya picha mbili, usionekane katika yoyote. Ndivyo mtu anavyoweza kurudi na picha mia nane bila bao. Kamera bora humwongezea mtu nafasi. Haimwongezei maarifa.

Kuna hesabu ya pili, nayo inahusu ukungu wa picha. Ndani ya kamera mna kilango kinachofunguka na kufungika ili kuingiza mwanga. Kilango kikikaa wazi kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, mpira huo husogea sentimita 20 kabla hakijafungika. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Matokeo yake ni lile yai tuliloliona na kulicheka. Lakini kikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, mpira husogea sentimita mbili u nusu tu, na katika picha utaonekana kama uliosimama hewani. Basi aliyempa kijana kamera bila kumweleza habari za kilango alimpa panga bila kumwonyesha upande wenye makali.

Swali ninalowauliza walimu wenzangu ni hili: nani alimfundisha? Hakuna mwalimu wa Kemia anayempa mwanafunzi tindikali kabla ya kumwonyesha namna ya kuishika chupa. Hakuna kocha anayempanga mlinda lango ambaye hajawahi kudaka mpira mazoezini. Lakini kamera tunaitoa kama tunavyotoa ufagio, tukiamini kwamba mwenye mikono atajua la kufanya. Kisha ukungu ukitokea, tunamlaumu aliyeishika.

Kwamba jicho haliwezi kushindana na mwendo wa kasi si jambo geni. Kwa muda mrefu watu walibishana kuhusu farasi anayekimbia: je, kuna wakati kwato zake zote nne huwa hewani? Mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi ambao farasi mwenyewe aliukata alipopita. Picha zilithibitisha kwamba wakati huo upo. Zingatia, msomaji, kwamba Muybridge hakumngoja farasi afike ndipo aharakishe. Kamera zilikuwa zimekwisha kuwekwa mahali farasi atakapopita.

Nasi hatuna haja ya kwenda California kulitafuta fundisho hilo. Ukambani ndiko kunakosimuliwa habari za Syokimau, mwanamke mtabiri ambaye inasemekana aliwaambia watu wake juu ya nyoka mrefu atakayeikata nchi, kabla reli haijafika. Mji wa Machakos wenyewe ulipata jina lake kutoka kwa Masaku, ambaye naye hukumbukwa kuwa kiongozi na mtabiri. Sipendekezi kwamba wanafunzi wapelekwe kwa waaguzi! Ninachosema ni kwamba mpigapicha wa kandanda hana budi kuwa mtabiri wa aina yake, na utabiri wake ni wa kusoma dalili.

Dalili zenyewe ni nyingi kwa anayezijua. Mpiga kona huinua mkono kabla ya kupiga. Mshambuliaji hodari wa kichwa hurudi hatua mbili au tatu ili apate nafasi ya kuruka. Winga atumiaye mguu wa kushoto, akipangwa upande wa kulia, mara nyingi atakata kuingia ndani atafute shuti. Kiungo anayeinua kichwa kabla mpira haujamfikia amekwisha kuamua atampasia nani. Mtu aliyeketi na timu mazoezini kwa wiki moja anayafahamu mambo hayo kuhusu kila mchezaji. Anajua ni nani hukimbilia mlingoti wa karibu na nani hungojea ule wa mbali. Siku ya mchezo mkono ukiinuliwa kwenye kona, lenzi yake imekwisha kumwelekea anayestahili, na kidole chake hubonyeza pale mchezaji anapoondoka ardhini, kabla mpira haujamfikia. Picha ya goli hupigwa kabla ya goli.

Baada ya utabiri huja mahali pa kusimama. Katika jambo hili kuna mfano ambao napenda kila mwanafunzi aujue. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston nchini Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alipiga picha ya Ali akiwa amesimama juu ya mpinzani wake, mkono umekunjwa kifuani, akimfokea ainuke. Ni miongoni mwa picha za michezo zinazojulikana zaidi duniani. Ukiitazama kwa makini utaona, katikati ya miguu ya Ali, uso wa mpigapicha mwingine. Huyo ni Herb Scharfman, aliyekuwa na umri na uzoefu kumzidi Leifer. Scharfman alikuwa na kamera nzuri na alikuwa karibu vilevile. Lakini alikuwa upande wa pili wa ulingo, na kilichomwelekea ni mgongo wa Ali.

Mtu atasema kwamba ile ilikuwa bahati. Naam, bahati ilikuwapo. Ila uwanja wa kandanda ni mkarimu kuliko ulingo wa ndondi, kwa kuwa humruhusu mpigapicha achague upande. Anayesimama katikati ya mstari wa pembeni huona kila kitu na hapati picha ya kitu chochote, maana wachezaji humpita ubavuni na kumgeuzia mgongo. Anayeketi chini karibu na kibendera cha kona, nyuma ya mstari wa goli, huwaona washambuliaji wakimjia na nyuso zao. Kwa kuwa ameketi, nyuma ya mchezaji panaonekana watazamaji na anga, wala si nyasi tupu. Gharama yake ni kwamba atazikosa nafasi zinazopatikana kwenye lango la mbali. Gharama hiyo ni ya lazima. Mtu anayeufukuza mpira kutoka lango moja hadi jingine hufika kila mahali akiwa amechelewa.

Kisha kuna suala la mwanga, na hapa Machakos ina somo lake. Sisi tuko karibu na Ikweta. Saa sita mchana jua huwa utosini, na kivuli cha paji la uso hufunika macho ya wachezaji wote. Mapambano mengi ya vyuo huanza saa kumi alasiri, wakati ambapo mwanga umelala vizuri na kupata rangi ya dhahabu. Lakini jua letu huchwa karibu saa kumi na mbili u nusu, mwaka nenda mwaka rudi, na halina magharibi ndefu kama la Ulaya. Kipindi cha pili kinapofika ukingoni, mwanga unakimbia. Mwezi wa Julai, wingu la baridi linapoifunika milima ya Iveti tangu asubuhi, hali huwa ngumu zaidi. Hapo ndipo anayeanza hujikwaa. Kilango kinachofunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde huingiza sehemu moja ya nane tu ya mwanga unaoingia kwa sehemu moja ya 125. Kamera, ikiachiwa iamue yenyewe, huenda ikachagua muda mrefu ili picha isiwe na giza, na mchezaji akageuka ukungu. Mwenye kujua huilazimisha kamera itumie muda mfupi, akaipandisha hisia yake ya mwanga, akakubali picha yenye chembechembe. Picha yenye chembechembe ambayo mchezaji anatambulika ni bora mara mia kuliko picha laini isiyo na mwenyewe.

Kuna jambo la mwisho la uwanjani. Tarehe 17 Desemba 2017, Uwanja wa Kenyatta wa hapo Machakos ulikuwa mwenyeji wa fainali ya Kombe la CECAFA la Changamoto. Kenya na Zanzibar zilitoka sare ya mabao 2-2, kisha Kenya ikashinda kwa penalti 3-2. Katika upigaji wa penalti utabiri ni rahisi, kwa sababu kila mtu uwanjani anajua mpira utapigwa lini na kutoka wapi. Linalobaki ni kuchagua. Je, ni uso wa mpigaji? Ni mikono ya mlinda lango? Au ni wale wachezaji walioshikana mabega katikati ya uwanja, ambao hawana tena uwezo wa kufanya lolote ila kutazama? Kila mmoja wa hao ana habari yake. Na mara tu mkwaju wa mwisho unapopigwa, wapo walioshinda na wapo walioshindwa, nao wote ni wachezaji. Mpigapicha anayeinamisha kichwa wakati huo kutazama kioo cha kamera yake ili aone kama amepata, huikosa nusu ya pili ya habari. Kandanda haiishii wavuni. Huendelea katika nyuso.

Nyuso hizo zinanipeleka kwenye suala la heshima. Kasi ya mchezo huleta pia picha zinazomdhalilisha mtu: bukta iliyochanika, kinywa kilichopinda kwa maumivu, kijana anayelia baada ya kujifunga mwenyewe. Zamani picha ya namna hiyo ingekaa katika bahasha. Leo huenea katika simu za chuo kizima kabla refa hajafika chumbani mwake. Mwalimu anayefundisha namna ya kuipata picha ana wajibu wa kufundisha pia namna ya kuizuia. Kipimo changu ni chepesi: je, mchezaji huyu, au mama yake, angependa ibandikwe ukutani? Machozi ya kushindwa si aibu, na yanaweza kutiwa katika picha kwa staha. Kumfanya mwenzio kichekesho ni jambo jingine kabisa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Chuo hakina fedha, maabara hazina vifaa, na huyu mwalimu mstaafu anatusumbua na habari za picha za mpira! Nawajibu kwa heshima. Kwanza, sikuomba fedha. Kamera ilikuwapo, tena ya bei. Kilichokosekana ni saa mbili za mafunzo. Utabiri, mahali pa kusimama na kusoma mwanga vyaweza kufundishwa hata kwa simu ya mkononi. Pili, tazameni makabati ya vyuo vyetu. Utaona vikombe vilivyofifia, vimeandikwa mwaka na jina la mashindano, lakini huwezi kumwona hata mmoja wa vijana waliovitafuta kwa jasho. Wako wazazi vijijini waliolipa karo kwa kuuza mbuzi na maembe, ambao hawajawahi kumwona mtoto wao akicheza. Picha moja iliyo wazi ingewafikishia jioni ile. Hiyo si anasa.

Tatu, hatujui kamera ile iko mikononi mwa nani. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha angali mwanafunzi. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu na kuleta misaada kwa wenye njaa. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko mjini Addis Ababa, na bado akarudi kazini hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Sisemi kwamba kila mwanachama wa chama cha uandishi wa habari atafika huko. Nasema kwamba kicheko cha chumba cha walimu kinatosha kumzuia asianze safari.

Basi napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji kikao cha bodi. Kabla ya kukabidhiwa kamera, mwanafunzi apate somo moja kutoka kwa mwalimu wa Fizikia kuhusu kasi na mwanga, na jingine kutoka kwa kocha kuhusu mbinu za timu. Ahudhurie mazoezi angalau mara tatu. Siku ya mchezo, kabla kipenga hakijapulizwa, aandike katika daftari lake matukio matatu anayoyatabiri na mahali atakapokaa ili ayapate. Baada ya mchezo, mwalimu akague utabiri kwanza, picha baadaye. Katika mchezo wake wa kwanza aruhusiwe picha 36 tu, idadi iliyokuwa katika filamu moja ya zamani, ili ajifunze kungoja. Mwisho, kila picha itakayohifadhiwa iandikwe majina ya wachezaji, tarehe na matokeo. Kazi hiyo ya mwisho namwachia mwalimu wa lugha, na nakiri kwamba ilikuwa yangu nami sikuifanya.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na una mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo. Vyuo vinavyowaandaa walimu haviwezi kubaki nyuma ya shule watakakokwenda kufundisha. Hapa pana zoezi moja ambamo hesabu, mwanga, michezo, lugha na maadili hukutana, tena wakati wa alasiri, bila kengele. Sijui tunangoja nini.

Wahenga walituachia methali mbili ambazo wanafunzi wangu walipenda kuzigonganisha: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utapata mwana si wako. Waliniuliza mara nyingi ipi ni ya kweli, nami nikawapa majibu ya vitabuni. Leo ningewapeleka kwenye kibendera cha kona. Pale mtu hufika mapema, hutulia, husoma dalili, kisha hubonyeza bila kusita. Hana haraka wala hachelewi.

Na kwa kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima, popote ulipo: ulituambia ukweli, nasi tukakucheka. Ulibonyeza ulipoona. Kosa lilikuwa la sisi tuliokuwa na jukumu la kukufundisha uone mapema zaidi. Nilipaswa kusema hivyo siku ile mbele ya wenzangu. Nimechelewa, lakini nimesema.